Mkono wa Tabibu na Mizani

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo mgonjwa aliyepooza mkono kwa kiharusi, naye amekwisha kupata nafuu. Tabibu wa kwanza amemshika mkono, akamwambia, "Zuia nisiushushe," kisha akaandika 5. Baada ya mwezi amepimwa na mwengine, akaandika 4. Nyumba nzima huingia simanzi, wakadhani maradhi yamerejea. Basi yapasa ijulikane nambari hizi ni nini.

Upimaji huu asili yake ni Boston, Marekani, kwa Dakta Robert Lovett, aliyekuwa akiwatibu watoto waliopooza kwa polio. Na mwaka 1912 msaidizi wake, Wilhelmine Wright, aliuandikia maelezo. Baadaye, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likaweka daraja sita: 0, msuli haujikazi kabisa, 1, hutukutika tu, 2, hukisogeza kiungo kilichoegemezwa, 3, hukiinua kiungo pamoja na uzito wake, 4, hukiinua na kuushindania mkono wa mpimaji, 5, nguvu kamili.

Daraja ya 3 huonekana kwa macho, kwani uzito wa kiungo haubadiliki kwa kubadilika tabibu. Lakini baina ya 4 na 5 shahidi ni mkono wa mpimaji tu. Huyu ana nguvu, yule hana. Huyu hushika karibu na kiwiko, yule karibu na kifundo, na ashikaye mbali zaidi na kiungio huuelemea msuli zaidi. Ndiyo maana wapimaji wawili mara nyingi hukaribiana kwa daraja moja, lakini kuafikiana daraja ile ile ni kuchache zaidi.

Basi ombeni mgonjwa apimwe na mtu mmoja, kwa mkao mmoja, kabla hajachoka, na upande mzima upimwe pia. Kikiwapo chombo cha kuonyesha nguvu kwa kilo, ni bora. Na ninyi tazameni: je, ainua kikombe? Afunga vifungo? Ainuka katika sijida bila kushikwa?

Lakini mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda, au maneno yakavurugika, msingoje daraja. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Ama nambari iliyoshuka kwa kubadilika mpimaji, isiwaachishe mazoezi. Mizani ikibadilishwa, hatusemi mchele umepungua mpaka tuupime tena kwa mizani ile ya kwanza.