Wimbo Uliotungwa na Walio Mbali ni wa Nani?

Si ajabu siku hizi kijana aliye Kakamega kutunga wimbo pamoja na mwenzake aliye Mwanza au Doha, na wimbo ukakamilika kabla wawili hao hawajapeana mkono. Mmoja hurekodi gitaa chumbani mwake, akalituma. Wa pili hutia maneno na sauti, akarudisha. Aghalabu hawapigi kwa wakati mmoja, kwani sauti huchelewa njiani, na kuchelewa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde hutosha kuvuruga mapigo. Kwa msanii asiye na kampuni ya kumlipia studio, hii ni neema kubwa.

Jambo lenyewe si jipya. Wamarekani wawili, Jimmy Tamborello wa Los Angeles na Ben Gibbard wa Seattle, walitunga albamu nzima kwa kutumiana kazi kwa posta. Albamu hiyo, Give Up, ilitolewa mwaka 2003 na Sub Pop, kampuni isiyo miongoni mwa yale majitu ya biashara ya muziki, na hatimaye mauzo yake yakapita nakala milioni moja. Kundi lao waliliita The Postal Service. Shirika la Posta la Marekani lililalamikia jina hilo, kisha wakapatana.

Huku kwetu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, bahari ikiwa kati yao. Hata hivyo, kuna tofauti ambayo walimu wa fasihi wataitambua mara moja. Katika kujibizana, kila ubeti una mwenyewe. Katika wimbo mmoja, maneno, sauti na mdundo huungana hata usijue mkono wa huyu umeishia wapi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalitambua hilo: kazi ya watunzi wa pamoja ni ile ambayo mchango wa mmoja hauwezi kutengwa na wa mwenzake. Haki hiyo huzaliwa pale wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, bila kungoja cheti, wala haihamishwi kwa mwingine ila kwa maandishi yenye sahihi. Nani apate fungu gani, hilo ni la watunzi wenyewe kupatana.

Hapo ndipo wengi huanguka. Mwanafunzi wangu wa zamani alimtumia mpiga kinanda aliye ng'ambo beti pamoja na sauti ya kuziimba. Baada ya mwaka aliusikia wimbo redioni, mtunzi akitajwa mmoja tu, naye si yeye. Ushahidi alikuwa nao: kila ujumbe ulikuwa na tarehe na saa, jambo ambalo waliotunga katika chumba kimoja hawalipati. Lakini alikuwa amebadilisha simu, na jumbe zote zikapotea.

Wapo wasemao kwamba kutaja fedha mapema huua urafiki. Sikubaliani nao. Tazama Malaika, wimbo unaojulikana dunia nzima: Fadhili William wa Kenya aliurekodi akajulikana nao, ilhali wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa ndiye mtunzi. Wahusika wamekwisha kufariki, na ubishi ungali hai.

Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, hata tahariri. Mapatano ya watunzi wawili hayazidi nusu ukurasa: jina la wimbo, nani alileta nini, fungu la kila mmoja, tarehe, sahihi mbili. Sijaona bado mtihani wa insha uliomtaka mtahiniwa ayaandike.