Mama Mkwe Mjane na Karatasi za Urithi

Jumuiya za watu wa Kitui na Makueni waishio ng'ambo zina sifa zinayoistahili katika jambo moja: mzee anapofariki Mwingi, Mutomo, Mbooni au Kibwezi, michango ya mazishi hukusanywa ndani ya siku chache, na mjane humzika mumewe kwa heshima. Yanayofuata baada ya matanga ndiyo yanayolisumbua jarida hili, kwa sababu usalama wa mama aliyefiwa hutegemea zaidi karatasi zinazotafutwa, au zisizotafutwa, katika mwaka wa kwanza wa ujane wake, kuliko unavyotegemea fedha atakazotumiwa na watoto na wakwe katika miaka itakayofuata.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo iliacha ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya chache, zikiwemo Turkana, Wajir, Kajiado na Narok, iendelee kurithiwa kwa mila za wenyeji pale ambapo marehemu hakuacha wosia. Kitui haimo katika orodha hiyo, wala Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado inajumuisha Makueni. Kwa hiyo shemeji anayesimama baada ya mazishi na kudai kwamba shamba la marehemu lirudi kwa ukoo hana sheria inayomuunga mkono. Kifungu cha 35 kinampa mjane mwenye watoto vyombo vya nyumbani viwe mali yake kabisa, na katika mali iliyobaki kinampa haki ya maisha, yaani haki ya kukaa, kulima, kuvuna na kupokea kodi muda wote wa uhai wake, ingawa hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama, kwa kuwa watoto wanaingojea nyuma yake. Marehemu akiwa ameacha wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwanza kati ya nyumba zao kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa kama mmoja zaidi.

Haki hiyo hailindwi na kujulikana tu. Hulindwa na cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, na ombi la usimamizi wa mirathi linalopelekwa mahakamani, ambalo hutangazwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, kisha kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6. Mjane ndiye anayepewa kipaumbele kuwa msimamizi. Familia inayokaa miaka kumi bila kuchukua hatua hizi humwacha mama akiishi juu ya ardhi ya mtu aliyekufa: hawezi kuikodisha kwa mkataba unaotambulika, na mradi wa serikali ukipita hapo, kama ilivyokuwa kwa reli ya kisasa iliyokata Makueni na kwa bwawa la Thwake, fidia haiwezi kulipwa kwa jina la marehemu. Katika sehemu kubwa ya Kitui, ambako mashamba mengi bado hayajapimwa wala kutolewa hati, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu siku ya wapimaji jina linaloandikwa ni la yule aliyesimama mpakani, na mara nyingi huyo ni mwana wa kiume au shemeji.

Hapa linaingia suala la nthoni, yaani ule mpaka wa heshima na haya ambao mila ya Wakamba imeuweka kati ya mume wa binti na mama mkwe wake, hata kuwazuia kukabiliana ana kwa ana na kuzungumza mambo ya ndani. Mkwe aliyeko Marekani au Uingereza, ambaye pengine ndiye mwenye kipato kikubwa kuliko wote katika familia hiyo, huona aibu kuuliza habari za shamba, akaunti au pensheni ya marehemu, hivyo hutuma fedha na kunyamaza. Aibu hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini haipaswi kumgharimu mama nyumba yake. Mila yenyewe ina wapatanishi, na zaidi ya hao yupo binti, ambaye ni mrithi kwa haki yake sawa na kaka zake hata akiwa ameolewa, na anayeweza kumkalisha mama yake na kumuuliza yote bila kuvunja heshima ya yeyote. Mkaza mwana, anayeishi boma moja na mama huyo, anaijua hali ya nyumba kuliko wanaotuma fedha, hivyo inafaa naye asikilizwe.

Kuhusu mapato ya kila mwezi, msingi upo ingawa ni mwembamba. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humlipa mwenye umri wa miaka 70 au zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ina mchango wa chini wa shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na ajira rasmi, unaolipwa kwa mwaka mzima. Watoto wakiulipa mchango huu kabla ya kitu kingine chochote, maradhi ya siku moja hayatauza mbuzi wote wa mama. Fedha zinazotumwa zipite katika laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, si ya mwana wala ya marehemu. Aidha, mama mwenye miembe Makueni au shamba la ndengu Kitui, ambalo haki yake juu yake imethibitishwa, ana kitu cha kuvuna hata mwezi ambao ng'ambo hapakutumwa chochote.

Jarida hili linapendekeza kwamba sehemu ya kila mchango wa mazishi, itakayokubaliwa katika mkutano mkuu, itengwe kabla ya hema na chakula kulipiwa, iwe ya gharama za mahakama na wakili wa mjane, na kwamba kamati ya ustawi imteue mtu wa kufuatilia kesi hiyo hadi ithibitishwe. Mabinti walioko ng'ambo nao wana wajibu ambao hakuna mwingine awezaye kuutimiza kwa niaba yao: mahakama hutaka ridhaa ya maandishi ya warithi wote watu wazima, iliyotiwa sahihi mbele ya mwanasheria mwenye mamlaka ya kushuhudia hati au katika ubalozi wa Kenya, na fomu moja iliyosahaulika mezani inaweza kuisimamisha mirathi ya mama kwa miezi mingi.