Mpe Fresha Roboti, Si Notsi Tu

Wasee, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua kuna watakaosema sina haki ya kuongelea mambo ya degree. Poa. Lakini nisikizeni kwanza.

Shida ya mtihani ni kwamba unaweza kukariri notsi usiku kucha, upate A, na usielewe kitu. Roboti haidanganyiki. Chukua ile ndogo ya kufuata mstari mweusi: mota mbili, sensa mbili za mwanga, betri na programu fupi tu. Ikitoka nje ya mstari, lazima ujiulize: ni waya? Ni betri? Ni programu? Ama ni jua la dirishani linachanganya sensa? Unagawa shida vipande, unajaribu kimoja kimoja hadi umpate mchawi. Hiyo ndiyo kufikiri kikompyuta.

Ubunifu nao unaanza ukijiuliza vifaa vilevile vinaweza kufanya nini kingine. Hapa Longonot, ukiwa unanunua maji ya bowser, sensa inaweza kukupigia kengele kabla tenki halijakauka.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1967 Seymour Papert na wenzake huko Marekani waliunda Logo, lugha ya kompyuta ambayo watoto walikuja kuitumia kuongoza roboti iliyoitwa kobe. Watoto! Na sisi bado tunadhani roboti ni za watu wa uhandisi peke yao.

Eti ni ghali? David Gathu na Moses Kiuna wa kule Kiambu waliunda mkono wa roboti kwa vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Na walijifunza wenyewe.

"Basi chuo ni cha nini?" La, msinielewe vibaya. Kujifunza peke yako ni ngumu, hiyo naiishi kila siku. Chuoni kuna stima, intaneti, walimu, na wenzako wa kubishana nao. Kinachokosekana ni nafasi ya kujaribu na kufeli bila kuadhibiwa.

Kwa hivyo, kuanzia Egerton pale Njoro hadi Pwani, kila fresha, awe wa sheria ama wa kilimo, aingizwe kwa kikundi cha watu wanne, wapewe roboti moja na shida moja ya kwao nyumbani. Maksi zitolewe kwa kueleza ilikwama wapi na mliitoa aje.

Wewe uliye chuo, ungeipa yako kazi gani?