Mkeka Mmoja, Mikono Mingi

Wazazi wengine husema: "Mtoto haendi shule kusuka mkeka. Kusuka ni kazi ya nyumbani." Mimi sikubaliani nao.

Mwalimu akifundisha kwamba viumbe hutegemeana, watoto huandika maneno hayo daftarini. Baada ya mtihani huyasahau. Mkeka hausahauliki. Kila mtoto asuke ukili wake, na kila ukili upewe jina. Huu ni mvua. Huu ni nyasi. Huu ni ng'ombe. Huu ni nyuki. Huu ni alizeti. Huu ni panya, na huu ni bundi. Kisha zote zishonwe pamoja ziwe mkeka mmoja.

Mkeka ukimalizika, mwalimu amwage juu yake kibaba cha mtama. Halafu akate uzi, auondoe ukili wa nyuki, na aunyanyue mkeka. Mtama utaanguka mavumbini. Hapo mtoto ataelewa.

Sisi wa Iramba tunalima alizeti. Nyuki huchukua chavua kutoka ua hadi ua. Nyuki wakipungua, mbegu nyingi huwa tupu. Bundi naye hula panya wanaomaliza mtama wetu. Lakini watu humwua, wakisema ni ndege wa uchawi.

Kondoa si mbali na kwetu. Huko miti ilikatwa, mifugo ikazidi, na mvua ikachimba makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na miti vikaota tena, lakini wenye ng'ombe waliumia. Je, si afadhali watoto wetu wajifunze kwa mkeka kuliko kwa kuondolewa mifugo?

Nani atawafundisha kusuka? Walimu wengi hawaijui kazi hii. Ni ninyi, akina mama na wazee wa Ulemo. Mlipoanza kisomo, mlikaa kwenye madawati kama wanafunzi. Sasa mnaweza kusimama mbele ya darasa. Wafundisheni wasichana na wavulana pia. Waonyesheni mahali majani ya kusukia yanapoota. Waambieni kwamba pori likichomwa moto, mkeka nao umekwisha.

Msisubiri kuitwa. Nendeni kwa mwalimu mkuu, mwambieni mko tayari.