Sinema Yetu na Lile Gari la Kuazima

Ndugu zangu wa vidato vya chini wameniuliza mara nyingi muhula huu ni lini tutaonyesha tena ile sinema yetu ya mpakiaji wa viazi. Jibu langu huenda likawaudhi. Ikiwa ni ile ile ya mwezi wa Julai, na bango lile lile, mimi ningependa isionyeshwe tena mahali po pote. Nitajaribu kueleza sababu zangu, maana wengine wamekwisha sema ati naona wivu kwa kuwa sikupewa nafasi ya kuigiza.

Tuliitengeneza wakati wa likizo, nyumbani Kidugala, nasi tulikuwa wanne. Shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo tuliazima simu ya kaka wa mwenzetu mmoja kwa sharti kwamba kila jioni irudi kwake ikiwa imejaa chaji. Asiyeijua Kidugala hudhani kwamba penye misheni ya zamani na miti mirefu pana utulivu. Lakini upepo wa Juni uliingia katika kila neno tulilosema, hata tukaivika simu soksi ya sufu, ndipo sauti zikaanza kusikika. Asubuhi hatukuweza kupiga picha kabla ya saa tatu kwa sababu ya ukungu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana anayepakia viazi kwenye malori huko Makambako. Mji ule ni njia panda: barabara itokayo Songea hukutana hapo na ile ya Mbeya na Dar es Salaam, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo hapo, hivyo mizigo haina usiku wala mchana. Mpakiaji hulipwa kwa gunia. Tukaiita sinema yetu "Lumbesa", yaani lile gunia linaloshindiliwa kupita kiasi na kufungwa kamba juu kama kilemba. Serikali imelikataza mara nyingi, na gunia halali halipaswi kuzidi kilo 100, lakini bado twaliona. Baba yangu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake wakati wa viazi, aliniambia kwamba abebaye lumbesa hupata malipo yale yale ya abebaye gunia la kawaida. Kilo za juu ya kamba anazibeba bure. Jambo hilo ndilo lililonipa wazo la hadithi, ingawa wenzangu sikuwaambia nilikolipata.

Siku ya kwanza tulimpa mwigizaji wetu gunia lililojaa majani makavu. Baba alikuwa akipita na jembe lake, akasimama kututazama. Kisha akasema, "Gunia lako ni jepesi, kijana. Shingo yako yasema uongo." Akatuonyesha jinsi ya kupiga goti, jinsi ya kukunja gunia tupu na kuliweka begani ili mzigo usichune ngozi, na jinsi pumzi inavyotolewa wakati wa kunyanyuka wala si kabla. Tukamwaga majani, tukatia viazi debe mbili. Sehemu ile ya sinema ni nzuri hata leo, nami siioni haya.

Haya zangu zinaanza baadaye. Katika hadithi tuliyoiandika, kijana wetu achoka na lumbesa, apanda basi kwenda Dar es Salaam, skrini yawa nyeusi, yatokea maandishi "Baada ya Miaka Mitatu", naye arudi Makambako na suti na gari jeusi, na wale waliokuwa wakimcheka wamsalimu kwa kuinama. Hakuna ye yote kati yetu aliyejua alizipata wapi fedha za gari. Tulikaa jioni nzima tukitafuta, tukakosa, ndipo mwenzetu mmoja akasema tuandike maandishi hayo, watu wataelewa. Gari tuliliazima kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao, akaturuhusu dakika ishirini tu, tena bila kufungua milango ya nyuma.

Sasa ikaja kazi ya kuiuza. Mwalimu mlezi wa klabu yetu alitupeleka kwanza kwa afisa utamaduni, maana sheria ya mwaka 1976 inataka sinema ikaguliwe kabla haijaonyeshwa hadharani. Baada ya hapo tukakodi kibanda cha video huko Makambako, kile ambacho watu hukiita kibanda umiza, kwa usiku mbili, kiingilio shilingi 500. Mhazini wetu akachapisha bango. Gari lile, ambalo ndani ya sinema halionekani hata dakika moja, lilichukua nusu ya karatasi. Kijana wetu alisimama mbele yake amekunja mikono. Na jina "Lumbesa" likawekwa chini kwa herufi ndogo, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa jina la mpiga chapa.

Usiku wa kwanza walikuja watu 61. Wapakiaji walikaa mbele, wengine wakiwa bado na vumbi la kazi, na baba alikuwa miongoni mwao. Ilipofika sehemu ya kupiga goti, mmoja alipaza sauti, "Huyo ni sisi!" Nami moyoni nikajiona bingwa. Kisha yakaja maandishi yetu, na gari likaingia. Kibanda kizima kilikaa kimya. Katika ukimya ule mtu mmoja akauliza, "Mkeka wake umetiki?" yaani kama kijana amebashiri mpira akashinda, na watu wakacheka mpaka mwisho. Hawakuicheka lumbesa hata mara moja. Walitucheka sisi.

Baba hakucheka. Tulipokuwa tukiondoka aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo, mwanangu, kwenu mimi bado sijaanza kuishi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama alilitaka. Alikwenda akinieleza mambo ambayo sikuwahi kumwuliza. Kwamba bati za nyumba yetu zilitoka begani, moja moja. Kwamba amepanda miche ya parachichi, nami naijua, nimeimwagilia maji, ila sikujua kwamba kila mche ana hesabu yake ya magunia. Kwamba anataka guta lake mwenyewe, ili siku bega litakapokataa aweze kuendelea na kazi sokoni. Na kwamba yeye na wenzake wanazungumza juu ya kuunda kikundi, wadai kulipwa kwa kilo badala ya gunia. "Hilo la kilo likipatikana," alisema, "lumbesa itakufa yenyewe, kwa sababu haitakuwa na faida kwa mtu." Hakutaja suti wala Dar es Salaam.

Basi hapo niliona kwamba ile miaka mitatu tuliyoiruka kwa maneno manne ndiyo iliyokuwa hadithi. Sisi tunaosoma tumezoea kudhani kwamba tamaa njema ya mfanyakazi ni kuacha kuwa mfanyakazi, na kwamba aliyebaki kazini hana tamaa yo yote.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwalimu wetu wa Historia alinipa vitabu vya kusoma, nikakuta kwamba mwaka 1935 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walianza huko Vugiri katika milima ya Usambara kazi ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Hata kufika mwaka 1937 walikuwa na picha zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori nchi hata nchi. Moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mmoja afukia fedha zake ardhini, zaibwa, mwenzake azipeleka Posta, afanikiwa. Shauri ni jema, lakini lawama yote yamwangukia mwenye kipato kidogo, kana kwamba udogo wa kipato wenyewe ni kitu kama mvua, hakina mwenyewe. Mwaka 1952 ikatoka "Muhogomchungu", ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na fedha zake akakutana na hila za mjini. Aliyeigiza alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Kijana huyo huyo, mwaka 1955, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Nimejiuliza mara nyingi kama alipokuwa akisimamia madai ya wafanyakazi aliwahi kumkumbuka yule mshamba aliyemwigiza. Mimi ningelipa zaidi ya shilingi 500 kuona sinema ya miaka hiyo mitatu ya Kawawa, toka 1952 mpaka 1955.

Wako waliojaribu njia nyingine. Katika "Bongoland" ya Josiah Kibira, ya mwaka 2003, Mtanzania aliyekwenda Marekani kutafuta maisha akuta taabu ya kazi ambayo hakuitegemea. Na Amil Shivji alitengeneza mwaka 2013 sinema fupi, "Shoeshine", ambayo mtu wake ni mng'arisha viatu wa Dar es Salaam. Mng'arisha viatu anatosha kuwa mtu wa sinema. Hana haja ya kuazimiwa gari.

Mhazini wetu hakubaliani nami, na haki yake niitoe. Usiku wa pili nilibandua mabango, nikachora jingine kwa mkono, gunia na bega tu. Walikuja watu 19. Hesabu yetu ni hii: mapato ya usiku mbili shilingi 40,000, mabango 12,000, kibanda 20,000, nauli 11,000, hasara shilingi 3,000. Yeye asema hasara hiyo ni ya gunia langu, na kwamba mtu hawezi kutoa fedha ili aone taabu aliyoiacha nyumbani. Ni neno zito. Lakini kati ya wale 19, wapakiaji walikuwa 14, na baadhi yao walikuwa wameiona jana yake. Walirudi kuona lile goti. Na gari nalo halikutuletea utajiri: wiki iliyofuata tuliikuta sinema yetu stendi, ikiingizwa kwenye memori kadi kwa shilingi 200, picha yake ya mbele ikiwa ni gari, na sisi hatupati hata senti, pamoja na kuwa Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999. Kwa hiyo waliopenda gari walilipata bila sisi.

Nimeongea na wenzangu wawili, nao wamekubali sinema itengenezwe upya kuanzia pale skrini inapokuwa nyeusi. Kijana asiende Dar es Salaam. Aonyeshwe akihesabu bati, akibishana na mnunuzi juu ya mizani, akipanda mche, akishindwa mwaka wa kwanza viazi vinapoporomoka bei. Bango liwe na gunia, na jina kwa herufi kubwa. Mhazini bado hajakubali, nami namwomba abaki katika kazi yake, maana sisi wengine hatujui kutunza hesabu.

Lakini kidato cha nne tuna mtihani wa taifa Novemba, hatutakuwa na nafasi. Kazi hii itabidi ifanywe na kidato cha tatu likizo ya Desemba. Baba amekataa kuigiza. Amesema hata hivyo atakuja kuwafundisha, na ataleta lile gunia lake la kukunja begani. Anayetaka nafasi ya mpakiaji aje kuniona kabla ya mtihani wa majaribio, nyuma ya jiko, siku ya Jumamosi baada ya usafi. Viazi debe mbili vitakuwapo.