Fowili au ya kuvuta mbele? Hesabu kwanza siku zako za tope

Jamani, kuna ubishi mmoja hapa Bariadi ambao hauishi. Ukikaa kijiweni stendi utaukuta, ukienda kwa fundi utaukuta, hata harusini kwenye meza ya wanaume utaukuta. Kijana kapata ajira, kakopa benki au zamu yake ya kupokea kwenye kikundi imefika, sasa anataka kigari chake cha kwanza. Basi washauri wanamzunguka. Huyu anamwambia, "Chukua fowili, huku kwetu ni tope tu." Yule anamwambia, "Fowili itakufilisi, chukua ya kawaida." Kijana wa watu anabaki katikati, pesa anayo lakini kichwa kinamuuma.

Leo naingia kwenye ubishi huo kwa miguu yote miwili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda. Kwa vijana wengi wanaoishi Bariadi mjini, Maswa mjini au Lamadi, kigari kinachovuta kwa matairi ya mbele kinatosha. Tofauti ya bei ni afadhali iende kwenye matairi. Fowili ina watu wake, na watu hao nitawataja. Ila wengi wanaoililia hawamo kwenye orodha hiyo.

Kwanza tuelewane maneno. Tunapozungumzia kigari hapa tunazungumzia Vitz, Passo, IST, Probox na ndugu zao, yale tunayoyaona kila siku yakipiga michomoko na teksi. Karibu kila moja ya hayo lilitoka kiwandani Japani kwa namna mbili: moja inayovuta kwa mbele, nyingine inayopeleka nguvu kwenye matairi yote manne. Sasa swali ambalo wengi hatujiulizi: Mjapani alitengeneza kigari cha fowili kwa ajili ya nani? Alitengeneza kwa ajili ya mtu wa Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini, ambako theluji inafunika barabara miezi kadhaa. Ndiyo maana ukinunua kigari cha fowili unaweza kukuta kitufe cha kupasha joto kiti. Hebu nieleze, Bariadi utakitumia mwezi gani?

Si utani tu. Theluji juu ya lami ni utelezi, na chini yake kuna barabara ngumu, iliyonyooka. Tope letu ni kitu kingine. Wasukuma waliupa udongo majina zamani sana: luseni ni ule wa kichanga wa kwenye miinuko, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Kwenye luseni, mvua ikikatika, baada ya muda mfupi unapita. Mbuga ndiyo yenyewe. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingia mguu, masika inakunywa maji na kuvimba, inakuwa laini kama ugali usioiva. Tairi likipita hapo, tope linajaza kashata zote. Mizunguko michache tu na tairi limegeuka kitumbua cheusi kinachong'aa. Sasa niambie, vitumbua vinne vina faida gani kubwa kuliko vitumbua viwili? Vyote vinazunguka hapohapo.

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Nguvu ya injini si kitu kama tairi halina cha kushika. Na hata likishika, kuna tatizo la pili: tumbo. IST au Passo tumbo lake liko kama sentimeta 15 kutoka ardhini. Malori yakishapita barabara ya udongo yanaacha mifereji miwili mirefu na tuta katikati. Kigari chako kinakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia, matairi yananing'inia. Likifika hapo, liwe fowili lisiwe fowili, utashuka na jembe. Au utamwita mzee mwenye maksai. Nawakumbusha tu kwamba maksai wawili wana miguu minane, na yote minane inavuta. Hiyo ndiyo fowili ya Usukumani.

Tuangalie sasa hizi fowili zenyewe zinavyofanya kazi, maana wengi tunadhani kigari cha fowili ni Land Cruiser iliyopungua mwili. Sivyo. Land Cruiser ya kazi ina gia ndogo ya nguvu, ina mwinuko, na nyingine zina uwezo wa kufunga difu. Kwenye vigari vingi vya Toyota vya miaka ya 2000, nguvu inaenda mbele kwanza. Kuna propela shafti inayokwenda nyuma, na njiani kuna kikombe chenye sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Matairi ya mbele yakizunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, mafuta yale yanavurugwa, yanapata joto na kukaza, ndipo nguvu inapopelekwa nyuma. Maana yake ni kwamba msaada unakuja baada ya matairi ya mbele kuanza kuteleza. Na kwa kuwa difu zake ni za kawaida, tairi moja likiwa hewani ndilo linalozunguka, mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu anatazama tu.

Kwa upande wa pili, gari la kuvuta kwa mbele si la kudharau. Tangu Mini ya Uingereza ilipotoka mwaka 1959 na injini iliyolazwa kwa ubavu, vigari vingi duniani vimefuata mtindo huo, na sababu mojawapo ni nzuri tu: uzito wa injini umekaa juu ya matairi yaleyale yanayovuta. Ndiyo maana unaona michomoko, mingi ikiwa ya kuvuta mbele, imejaza abiria na magunia na inapita njia ambazo wewe ungepiga simu kwanza kuaga.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo kijana anapoumia kimyakimya. Tuseme, kwa mfano tu, fowili inamzidi mwenzake kwa shilingi milioni moja na nusu. Fedha hiyo inakununulia matairi manne mapya yenye kashata nzuri, na chenji inabaki. Kigari cha kuvuta mbele chenye matairi mapya kwenye barabara ya changarawe yenye utelezi kitaishinda fowili yenye matairi vipara asubuhi na mapema. Na breki zake zitashika vizuri zaidi pia.

Na bei ya kununua ni mlango tu. Fowili ina propela shafti, ina difu ya nyuma yenye mafuta yake, ina jointi za ziada. Ina uzito zaidi, kwa hiyo inakunywa mafuta zaidi kila siku, hata siku ya jua unapotoka Malambo kwenda sokoni. Jambo kubwa zaidi ni matairi. Fowili ya aina hii inataka matairi yote manne yawe ya saizi moja na yaliyolika sawasawa. Ukifunga jipya moja na vipara vitatu, yanazunguka kwa kasi tofauti, kile kikombe cha mafuta kinafanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami, mwishowe kinakufa. Sasa tuulizane kwa uaminifu: nani kati yetu ananunua matairi manne kwa siku moja? Sisi ni watu wa kununua moja moja, tena mtumba, tena mwisho wa mwezi. Na likiharibika njiani, usikubali livutwe matairi mawili yakiwa juu na mawili yakiburuzwa chini. Utaongeza msiba juu ya msiba.

Kuna hatari nyingine inayonifanya niandike haya kwa msisitizo. Fowili inampa mtu ujasiri asiokuwa nao. Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi, karibu kilomita 170, sasa ni lami. Kwenye lami ile adui yako ni mwendo, ng'ombe wanaovuka na pikipiki isiyo na taa. Fowili inakusaidia kuondoka tu. Haikusaidii kusimama. Breki za Passo ya fowili na Passo ya kawaida ni zilezile, na gari zito linachelewa kusimama.

Kwenye maji ndiyo usiseme. Mito yetu mingi ni ya msimu. Asubuhi unavuka mchanga mkavu, jioni mvua imenyesha huko juu na maji yanapita juu ya barabara. Mtu anajiambia, "Si nina fowili?" Ndugu yangu, maji yanayokwenda kasi yakifika sentimeta 30 tu yanaweza kuanza kukielea na kukisukuma kigari. Likishaelea, matairi hayagusi chini, na tairi lisilogusa chini halijui kama lina nguvu au halina. Subiri. Mto wa msimu hujaa haraka na hupungua haraka. Kuchelewa kikao si msiba.

Najua kuna mtu ananisubiri kwa hoja moja nzito, na ni hoja ya kweli. Kijijini gari halina mwenyewe. Ukiwa mwalimu au muuguzi ndani huko Itilima au Meatu na una kigari, basi wewe ndiye gari la wagonjwa la kijiji. Saa nane usiku, mvua inanyesha, mlango unagongwa: mama kashikwa na uchungu. Siku hiyo hukuichagua. Huwezi kumwambia asubiri barabara ikauke. Mtu wa namna hii, anayeishi nje ya lami na kupita udongo kila wiki masika yote, huyo namwambia achukue fowili bila aibu. Kuanza kuondoka kwenye mteremko unaoteleza, kupanda ukingo wa korongo dogo, kujinasua kwenye mtaro usio na kina, hapo matairi manne yanayovuta yanafanya kazi iliyowaleta. Ila namwomba aende mbele hatua moja: kama uwezo unaruhusu, atafute lenye mwinuko pia, mfano RAV4, Forester au Jimny. Fowili yenye tumbo chini ni nusu ya dawa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Chukua karatasi, hesabu siku zako za tope kwa mwaka. Si siku za mvua, siku za tope, zile ambazo ni lazima wewe mwenyewe upite udongo uliolowa. Msimu wetu wa mvua unaanza kama Novemba hadi Mei, na pamba inaponunuliwa tayari ni vumbi. Mkazi wa mjini anayekwenda kijijini Krismasi na kwenye misiba, siku zake ni chache mno. Siku hizo aache gari nyumbani, apande pikipiki. Nauli ya bodaboda ya siku hizo chache haifiki hata bei ya difu iliyotumika.

Ukishaamua, uwe makini usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Soma namba ya modeli kwenye kibati cha gari au kwenye kadi. Kwa vigari vingi vidogo vya Toyota, tarakimu ya mwisho ikiwa 5, hiyo ni fowili: IST ni NCP65, Probox ni NCP55, Vitz ya kwanza ni NCP15, Passo ya kwanza ni KGC15. Kanuni hii si ya Toyota zote, Corolla NZE124 kwa mfano ni fowili pia. Kisha ingia uvunguni. Fowili nyingi zinatoka kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma. Juu gari linang'aa kama bibi harusi, chini kutu tupu. Hakikisha pia propela shafti ipo. Kuna waliochoka na milio yake wakaing'oa, wakabaki na jina la fowili tu.

Mwisho, niseme neno kwa wakubwa. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini. Barabara nyingi za udongo zinakufa kwa sababu maji hayana pa kupita: kalavati moja, mfereji uliozibuliwa kabla ya Novemba, kifusi cha changarawe kwenye kile kipande cha mbuga. Kalavati moja linawahudumia wenye fowili, wasio na fowili, wenye baiskeli na wanaotembea kwa miguu. Shida yetu ni kwamba anayekuja kuikagua barabara anakuja na gari refu lenye gia ya nguvu, anapita, anaandika "inapitika." Naomba mwaka huu ukaguzi ufanyike kwa Passo, tena mwezi Machi.

Haya, nimemaliza. Wenye fowili njooni mjitetee, wenye za kuvuta mbele njooni mjisifu. Ila kila mmoja aje na hesabu ya siku zake za tope. Kazi kwenu.