Kabla Hujamnunulia Vidonge

Mwezi huu tuweke pembeni habari za wivu na simu, tuongelee sahani yenu. Kuna mtindo nauona kwa wanandoa wengi wa rika langu: mmoja akiambiwa presha imepanda, mwenzake anakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya potasiamu. Nia ni nzuri, upendo upo, lakini subiri kwanza.

Potasiamu ni madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, moyo kupiga sawasawa na mwili kutoa chumvi ya ziada kwenye mkojo. Ndiyo maana husaidia kushusha presha. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwenye chakula.

Namba isikutishe. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama miligramu 700, kiazi kitamu kilichochomwa na ganda lake 500, nusu parachichi 480, na ndizi mbivu moja 420. Hapo umeshavuka 2,000, na bado hujagusa mchicha, maziwa wala madafu! Ila mboga ukiichemsha halafu ukamwaga maji, potasiamu nyingi nayo imemwagwa. Sasa linganisha na vidonge: vingi vinavyouzwa Marekani bila cheti cha daktari vina miligramu 99 tu. Ndizi moja inashinda vidonge vinne.

Kwa nini basi nawatahadharisha? Kwa sababu mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha kama enalaprili, losatani na spironolaktoni, mwili wake hubakiza potasiamu. Ukimwongezea vidonge, au ile chumvi mbadala yenye potasiamu, inaweza kuzidi kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha. Na mara nyingi haitoi dalili mapema. Zawadi ya upendo inageuka msiba.

Kwa hiyo kama unampenda kweli, mpikie, na hiyo chumvi ya mezani iondoe. Vidonge mwachieni daktari aamue, baada ya kupima damu na figo. Kama figo zina shida, muulizeni hata kuhusu hayo maharage na ndizi. Na mwende kliniki wote wawili, jamani. Presha ya mmoja ni ya nyumba nzima.

Tukutane mwezi ujao!